Mtoto wa Sungura, Mtoto wa Nondo

Nilipoolewa upande wa Mtinko nilikuwa na miaka kumi na saba hivi, kwa hesabu ya mama yangu, aliyehesabu umri wetu kwa mavuno. Kwetu ni Shelui, mimi ni Mnyiramba, na mume wangu alikuwa Mnyaturu aliyekuja pande zetu kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu. Alinipeleka kwao wakati uwele unavunwa, akakaa nami miezi mitatu, kisha akaandikishwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Aliniachia jembe, blanketi na mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Alikuwa amezika watoto wawili katika njaa moja, zamani, na tangu hapo aliiogopa njaa kama watu wengine wanavyomwogopa simba. Kila jioni alitumbukiza mkono kwenye kihenge cha uwele mpaka begani, akapapasa, akautoa bila kusema kitu. Nilijifunza kusoma uso wake wakati huo. Uso ukikunjamana, siku inayofuata ugali ulikuwa mdogo.

Lugha zetu ni za majirani lakini si moja. Nilikosea maneno, watu wakacheka. Baadaye waliacha kucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Katika boma lile tulikuwa nyumba mbili. Ya pili ilikuwa ya kaka mkubwa wa mume wangu na mke wake. Huyo mwanamke alikuwa na watoto wanne na shamba kubwa kuliko letu, na alikuwa hodari. Alilima kwa kasi mpaka wanaume waliona haya. Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita "mgeni".

Mvua za kwanza zilipokaribia, mama mkwe alinigawia kipande changu mwenyewe nyuma ya nyumba yetu ya tembe, mahali penye mchanga mwekundu. Uwele na mtama tulipanda pamoja katika shamba kubwa. Kwenye kipande changu alisema nipande kunde na karanga.

"Lakini hutavuna," aliniambia. "Sungura watavuna kabla yako."

Alikuwa anasema kweli. Kunde zilipotoa majani mawili mawili, nilikuta asubuhi vishina vimekatwa sawasawa kama kwa wembe. Sungura wa kule ni wa porini, mwenye miguu mirefu na ncha nyeusi za masikio, na hachimbi shimo. Mchana hulala wazi kwenye nyasi, amejibana chini, na unaweza kupita hatua moja kutoka kwake usimwone. Mama mkwe hakutaka hata kulisikia jina lake. Alinifundisha kusokota kamba za mkonge na kutega vitanzi, nami nilizungushia kipande changu miiba ya migunga, mafungu kwa mafungu, mpaka mikono ikatoka damu. Sungura wakakoma. Kunde zangu zikasimama.

Siku moja, nikikata nyasi za kuezekea banda la kuku, nilikanyaga kitu kikaruka chini ya unyayo wangu. Kilikuwa kitoto cha sungura, kidogo kuliko ngumi. Niliinama kukiokota nikitarajia kitu kipofu na uchi, kama watoto wa panya. Hapana. Kilikuwa na manyoya kamili, masikio yenye ncha nyeusi, na macho yaliyofunguka yakinitazama. Kitovu chake kilikuwa bado kibichi. Kilizaliwa siku ileile au usiku uliopita, na tayari kilikuwa sungura.

Nilikipeleka nyumbani. Nilikuwa peke yangu mno, hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

"Utakifanya nini?" mama mkwe aliniuliza.

"Nitakilea, mama. Kikikua tutakula."

"Sungura halelewi na watu," akasema. Lakini hakuniambia nikitupe, nami nilikifunika chini ya tenga na kukipa maziwa kwa kidole, baadaye majani ya kunde.

Mvua ya pili ilinyesha siku mbili. Jioni ya siku ya tatu, jua likiwa halijazama sawasawa, nilikuwa natoka kuchota maji nikaona nyasi zote za bondeni zinatikisika, na upepo haukuwapo. Nilisimama. Walikuwa nondo. Wadogo, rangi ya majivu, kama ukucha wa kidole gumba, wasio na pambo lolote. Waliruka kwa maelfu kutoka kwenye nyasi, wakanipiga usoni, wakaingia kwenye nguo, wakaelea juu ya maji ya mtungi wangu. Hawakutoa sauti. Nilikimbia nusu ya njia na maji yote yakamwagika.

Kwa akina dada walikuwa wanaota moto uani. Nikasema, huku nahema, "Kuna nondo bondeni, wengi, sijawahi kuona."

Mke wa shemeji akacheka. "Kwenu hakuna nondo? Nondo ni wageni wanakuja. Labda mume wako anarudi."

Nikacheka na mimi, kwa adabu. Watoto wake walisikia, na watoto hukumbuka.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Uwele ulifika kwenye magoti, mtama ulikuwa mzito wa majani, na mama mkwe alianza kuimba akipalilia, jambo ambalo sikujua analiweza. Kisha asubuhi moja hakuimba. Nilimkuta ameinama katikati ya shamba, ameshika jani moja. Jani lilikuwa na matobo. Akalipindua. Chini yake kulikuwa na viwavi vidogo vyeusi, vyenye mistari, vimejipanga kichwa kwa mkia.

"Rudi nyumbani ukalete majivu," alisema kwa sauti ndogo. "Majivu yote."

Majivu hayakufaa kitu. Baada ya siku nne hapakuwa na jani linalosimama. Kitu kinachonirudia mpaka leo ni sauti: ukisimama shambani mchana, kumenyamaza, ulisikia kutafuna. Kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Tulichimba mtaro, tukalizungushia shamba, nao wakaujaza kwa miili yao na wenzao wakapita juu. Tuliwakanyaga mpaka nyayo zetu zikawa kijani. Kuku walikula wakachoka, wakakaa kivulini midomo wazi. Ng'ombe wa jirani walikula nyasi zenye viwavi, wawili wakavimba na kufa. Mke wa shemeji alikuwa akiwapiga kwa matawi huku analia, na watoto wake nyuma yake wanalia, na viwavi havikumjua mtu.

Walikula uwele. Walikula mtama. Walikula mahindi ya jumbe na nyasi za malisho mpaka ardhi ikaonekana kama imechomwa. Kisha, kwa siku moja au mbili, wakatoweka wote kana kwamba hawakuwahi kuja.

Nyuma ya tembe, ndani ya ua wa miiba, kunde zangu na karanga zangu zilikuwa kijani, jani kwa jani. Hakuna lililoguswa.

Niliona hilo kabla ya watu wengine. Nilisimama mbele ya kipande kile nikafikiria kuzing'oa zote kwa mikono yangu, nizizike, nifanane na wenzangu. Nilishindwa. Kilikuwa chakula pekee kilichobaki.

Mke wa shemeji alikuja jioni. Alisimama nje ya miiba akatazama, hakusema lolote, akaenda. Kesho yake alirudi na mume wake na wazee watatu wa ukoo. Nilipiga magoti nikawaamkia.

"Shikamooni."

Mmoja tu aliitikia.

"Mwulizeni," mke wa shemeji alisema. "Mwulizeni kwa nini viwavi vilipita kwake bila kuuma. Mwulizeni nani alikuja anakimbia akisema nondo, nondo, siku viwavi havijaonekana. Na mwulizeni ndani ya tenga anafuga nini."

Shemeji aliliinua tenga. Sungura wangu alikuwa amekua ukubwa wa kiganja na nusu. Hakukimbia, alijibana chini, kama wanavyofanya, akadhani haonekani. Shemeji alimpiga kwa fimbo mara moja. Kisha akamchana tumbo mbele yetu kwa kisu, akamwaga vilivyomo juu ya jiwe, na mzee mmoja akavichokoa kwa kijiti. Vilikuwa majani ya kunde yaliyotafunwa.

"Vya kwake tu," mzee akasema. "Hata mnyama wake anakula vya kwake tu."

Nilitaka kusema kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemlisha. Maneno ya Kinyaturu yalinikimbia yote. Nilifungua mdomo nikasikia Kinyiramba kinatoka, na nyuso zao zikafungika kama milango.

Waliamua ataitwa mganga kutoka mbali, mwezi ukiandama, aninyweshe dawa ya kupima kama mimi ni mchawi. Serikali ya Waingereza ilikuwa imekataza mambo hayo, na jumbe angepaswa kuyazuia, lakini jumbe naye alikuwa amepoteza mahindi. Nilijua mganga hufanya nini. Kwetu niliwahi kumwona mwanamke aliyenyweshwa dawa ya namna hiyo. Alibebwa juu ya kitanda, na hakurudi tena nyumbani kwake. Kutoroka kungekuwa kukiri, na Shelui ni mbali kwa mtu anayekwenda peke yake kwa miguu.

Sikulala wala sikula. Siku ya tatu mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno upande wowote, aliniambia, "Uoga hauoteshi mtama. Kalime." Alikuwa ameamua tupande tena kwa mbegu alizoning'iniza juu ya moshi wa jikoni.

Nikalima. Na katika udongo, kina cha kidole, jembe langu likafukua vitu vyekundu vinavyong'aa, kama punje za maharage zilizochongoka upande mmoja. Nilikuwa navijua. Kwetu watoto tulivichezea: unashika kimoja kati ya vidole, unakiuliza, "Kwenu wapi?" nacho kinapinda mkia kukuonyesha njia. Sikuwahi kujiuliza ni nini. Nilikiokota kimoja. Kilipinda mkia. Karibu yake palikuwa na kiwavi kilichochelewa, kimejikunja, ngozi yake imepasuka mgongoni, na ndani ya mpasuko ule wekundu uleule ulikuwa unang'aa.

Nilikaa chini katika udongo. Nilikuwa nimeona kitu kimoja kikiwa vitu viwili, na nikawakumbuka wale nondo wa bondeni.

Kilichofuata nilikifanya bila kukifikiria vizuri. Nilikusanya ishirini au thelathini, nikavitia kwenye chungu kilichopasuka mdomo pamoja na udongo wake, nikafunga kipande cha kaniki juu, nikakificha nyuma ya kihenge, ningoje kitakachotoka. Mwanamke anayeshtakiwa kuleta wadudu alikuwa sasa amewaficha ndani ya nyumba. Kama mtu angekikuta chungu kile kabla ya wakati wake, mganga asingehitajika.

Kila siku nilikuwa naingia, nafunua, natazama. Hakuna kitu. Siku ya nne, hakuna. Nilianza kufikiri vimekufa. Siku ya tano nilisikia nyuma yangu, "Hiki ni nini?"

Mama mkwe alikuwa amekuja kupapasa uwele wake. Alinivuta mkono, akafungua kitambaa, akaona. Alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Katika nyumba yangu," alisema. "Karibu na uwele wangu."

"Mama, nisikilize."

"Nimekutetea kwa kunyamaza. Nimenyamaza mpaka shingo inaniuma."

"Mama, hivi ndivyo viwavi. Vimeingia ardhini vimekuwa hivi. Nadhani watatoka nondo, walewale niliowaona bondeni. Nondo ndio waliokuja kwanza. Sikuwaita, niliwaona tu."

"Nondo mzazi wake kiwavi?"

"Sijui, mama. Nadhani. Nasubiri nione."

Nilisikia kuku nje, na watoto wa shemeji wanagombana. Kisha akachukua jembe, akatoka. Nilidhani amekwenda kwa wazee. Nilikaa palepale chini nikiwa nimekumbatia magoti, nikisikiliza nyayo za wanaume.

Alirudi peke yake, na udongo kwenye kanga yake. Alikuwa ameenda kuchimba, na hakuchimba kwetu, bali katika shamba la mke wa shemeji, wenyewe wakiwa kisimani. Akachukua chungu chake mwenyewe, akavitia, akafunga kwa kamba yake, akaifunga fundo ambalo mimi sikulijua.

"Chako sikiamini," aliniambia. "Hiki ndicho nitakachotazama. Wakitoka nondo, nitasema mbele ya watu. Kikitoka kitu kingine, nitakwenda kwa jumbe mimi mwenyewe, na usinililie."

Tuliishi hivyo siku nne, wanawake wawili na vyungu viwili. Tulipika, tukala majani ya kunde, tukapanda, na hatukutajiana jambo lile. Nje mwezi ulikuwa umebaki ukucha. Nilimsikia mke wa shemeji akiwaambia watoto wake wasinywe maji kutoka mtungi wangu.

Siku ya tano asubuhi mama mkwe aliniita. Alikuwa ameweka sikio kwenye chungu. Ndani kulikuwa na mpapatiko mdogo, kama mtu anayepekua karatasi. Alifungua fundo lake, akainua pembe ya kitambaa. Nondo mmoja wa rangi ya majivu alitoka akitembea, mabawa yake bado yamekunjamana, akapanda juu ya kidole chake. Mama mkwe hakumkung'uta. Alimtazama mpaka mabawa yakanyooka.

"Hawa ndio waliokula watoto wangu," alisema. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa anaizungumzia ile njaa ya zamani.

Mchana uleule alikwenda kwa jumbe na kumwambia aite wazee. Walikaa kivulini kando ya ukuta wa tembe ya jumbe. Mama mkwe aliweka chungu chake katikati, akaeleza alikochimba. Mke wa shemeji alipiga kelele kwamba ni mwizi wa udongo. Jumbe alimnyamazisha, akamwambia mama mkwe afungue. Walitoka saba, kisha wengine. Palikuwa na maganda matupu mekundu, na moja ambalo nondo alikuwa ametoka nusu, amekwama, anahangaika mbele ya macho ya kila mtu.

"Sijapata kuona mnyama anayezaa asichofanana nacho," jumbe alisema. "Wewe, mgeni. Sema."

Nilisema polepole, kwa Kiswahili, ili nisikosee. "Baba, nilimwokota mtoto wa sungura siku aliyozaliwa. Alikuwa na manyoya, na macho yamefunguka, na masikio ya mama yake. Alikuwa sungura tayari. Nikadhani kila kiumbe ni hivyo. Sungura hula kunde usiku, asubuhi unaona alipokata, ukimtegea unamnasa, na mtama hautaki. Huyu nondo hali chochote chetu. Anakuja mpole, anatuachia watoto wasiofanana naye, na watoto wake wanataka mtama na uwele na nyasi, kunde hawazitaki. Ndiyo maana kunde zangu zimebaki. Nendeni mtazame kunde za watu wengine, kama kuna aliyepanda."

Hapo mzee mmoja, yuleyule aliyechokoa tumbo la sungura, alikohoa. Alisema mke wake mdogo alipanda kunde kidogo karibu na zizi. Akaulizwa kama ziliguswa. "Hazikuguswa," akasema. "Sikupenda kulisema."

Jumbe alitazama chini. Hakusema sina hatia, wala hakuna mtu aliyeniomba radhi. Alisema tu, "Mganga asije. Watu wapande." Akaondoka kwenda kuangalia shamba lake. Mimi nilijaribu kusimama nikashindwa, na mama mkwe akaninyanyua kwa kwapa, kama mtoto anayejifunza kutembea.

Mbegu za moshini ziliota, na mvua za mwisho zilikuwa za wastani. Tulivuna kidogo, nusu ya kihenge. Miezi ile ya kusubiri boma zima lilikula kunde zangu, majani kwanza, kisha maganda mabichi, na karanga tulizigawa kwa kiganja. Mke wa shemeji alikuwa akija kwenye ua wa miiba na kikapu, anasimama, haniamkii. Mimi nilichuma, nikajaza kikapu, nikampa juu ya miiba. Watoto wake walikuwa wamekonda. Hatukuzungumza, si mwaka ule wala mwaka uliofuata, na alipofariki nilimwosha pamoja na wanawake wengine nikiwa bado sijasikia jina langu mdomoni mwake.

Mume wangu alirudi baada ya mkataba wake. Mama yake alimhadithia kila kitu, nami nimekaa pembeni nachambua mchicha. Alipomaliza, mume wangu alinigeukia akauliza, "Ulijuaje?" Aliuliza kwa upole, lakini nilisikia kitu kingine chini ya upole ule, nikajibu kwamba nilibahatisha.

Kwa sababu neno lilikuwa limeenea. Wanawake walianza kuja kwangu kutoka Mtinko na mbali zaidi, wamefunga kwenye pindo la kanga mdudu aliyekaushwa, jani lenye madoa, punje iliyotobolewa. Walipiga hodi kwa adabu, wakakaa mbali kidogo. "Wewe unajua mambo ya wadudu," walisema. Walinitazama mikono nilipokuwa naongea. Mwanamke anayejua asili ya kitu na mwanamke anayekileta, kwa watu wenye njaa tofauti yao ni nyembamba sana, nami nilikuwa nimepita juu yake mara moja na sikutaka kupita tena.

Siku moja alikuja mama mmoja na kifaranga kilichokufa, mabawa yake yamejaa vitu vidogo vyeusi. Nilivijua. Ni viroboto vya kuku, na majivu na mafuta ya taa kidogo kwenye kiota vingetosha. Nilikipokea kifaranga, nikakigeuza, nikaona mama mkwe ananitazama kutoka mlangoni.

"Sijui, mama," nilimwambia yule mgeni, nikamrudishia. "Mimi sijui kitu."